Samaki wa Nguruka huzaliwa mbugani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nauza samaki wa moshi hapa Nguruka, wilaya ya Uvinza. Mama yangu aliifanya biashara hii kabla yangu, akiwauzia abiria wa treni. Kambale aliowaita wa wastani ndio sisi leo tunaowaita wakubwa, na perege wamebaki wa kiganja. Wavuvi wanasema maji ya Sagara hayajapungua, tena miaka mingine yanajaa mpaka yanaingia mashambani. Sasa samaki wamekwenda wapi? La pili, kwenye mkutano wa kijiji wapo waliopendekeza mafunjo yafyekwe na kuchomwa ili tupate majaruba ya mpunga, maana kinamasi chote ni mbu na mamba tu. Mume wangu anaelekea kukubali na mimi sina hoja. Na mwanangu ananisumbua: yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu yupo kweli huku kwetu, au ni hadithi tu?"

Marahaba, mama. Nianze na samaki, ndio riziki yako. Mafunjo yatafuata, na mwanao nitamjibu katikati, kwa sababu ndege wake na samaki wako wanategemea maji yale yale.

Wavuvi wenu wanasema kweli kwamba maji yapo. Lakini samaki wa kinamasi hatoshelezwi na kuwepo kwa maji. Anahitaji maji yapande, yakae kidogo juu ya nyasi, kisha yashuke, na katika muda huo apate pa kutagia na pa kulelea. Ukimnyima hapo, hata ziwa lijae mpaka barabarani, utavua tope na magugu.

Fuata maji yanakotoka. Malagarasi unaanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, unazunguka kupitia kaskazini, kisha unageukia kusini na kuingia kwenye tambarare unakokutana na Moyowosi. Hapo mto unapoteza kingo. Ardhi ni bapa mno, maji hayana haraka ya kwenda popote, yanatambaa kwenye mafunjo kwa wiki nyingi. Upande wa Tabora inakuja mito ya Igombe na Ugalla, ikibeba mvua za Urambo, Kaliua na Sikonge. Maji hayo yote hukusanyika maeneo yenu, huko Nyamagoma na Sagara na mbuga zinazoyazunguka, kabla ya kupita Uvinza, kuporomoka pale Igamba na kuingia Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala. Bonde zima lina kilomita za mraba 130,000 hivi, zaidi ya nusu ya ardhi yote inayolilisha Ziwa Tanganyika.

Kwa sababu ya huko kutambaa, mvua huanza Novemba lakini maji ya kinamasi hufika kilele Aprili au Mei, wakati mawingu yameshaanza kwisha na watu wanavuna. Mnaona mbuga inafurika jua likiwaka, na wengine husema maji yamechanganyikiwa. Ni mvua ya Kibondo na Kasulu na ya Burundi ndiyo imefika mlangoni kwenu baada ya safari ndefu.

Mbuga iliyokauka wakati wa kiangazi ina mavi ya ng'ombe, ya nyati na ya viboko, ina majivu ya nyasi zilizoungua na mabua yaliyooza. Maji ya kwanza yakiifunika, vyote hivyo huyeyuka. Ndani ya siku chache maji yanapata rangi ya kijani ya mimea midogo mno ya majini, kisha wanakuja wadudu wadogo wanaokula kijani hicho, kisha viluwiluwi na funza wa maji. Chakula hiki kinatokea chote kwa mpigo, mahali penye kina cha goti, penye joto, na penye nyasi nyingi ambamo samaki wakubwa hawawezi kuwinda kwa urahisi. Hapo ndipo samaki wenu wanapolelewa. Sagara ni ziwa la kina kifupi, na kazi yake kubwa ni kuwahifadhi wazazi wakati wa kiangazi. Watoto ni wa mbugani.

Mchukue kambale. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha na usiku ukawa na giza, wanaacha mkondo na kupanda kwa makundi kwenye nyasi zilizofunikwa muda si mrefu, pengine penye maji yanayofika kifundo cha mguu tu. Ukisimama pembeni bila kuwasha tochi utasikia wanavyochapa maji. Dume hujikunja na kukizunguka kichwa cha jike, wanatulia sekunde chache, kisha jike hupiga mkia na kuyatawanya mayai. Mayai hunata kwenye majani. Jike mmoja mkubwa anaweza kutaga makumi ya maelfu kwa usiku mmoja, na kwa joto la huku kwetu mayai huanguliwa baada ya siku moja au moja na nusu. Hakuna mzazi anayelinda. Usalama wao wote ni zile nyasi, na kwamba maji yatakaa juu yake muda wa kutosha.

Sasa fikiria kinachotokea siku hizi usiku ule ule. Kila mfereji unaoingiza maji mbugani umezibwa kwa nyavu au uzio wa matete wenye migono, na kambale wanaonaswa ni majike yaliyojaa mayai, njiani kwenda kutaga. Wewe unawajua kuliko mimi, maana ndio wanaofika mezani kwako na matumbo laini yaliyovimba, na wateja wanawapenda kwa ajili ya mayai yenyewe. Kambale aliyevuliwa Agosti alikuwa ameshazaa. Aliyevuliwa usiku wa mvua ya kwanza ameondoka na ukoo wake. Kilo ni zile zile, bei pengine ni ile ile, lakini hasara ya mwaka unaofuata haifanani hata kidogo.

Kwa perege habari ni nyingine. Dume huchimba bakuli kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuyatunza humo mpaka yaanguliwe na watoto waweze kuogelea. Wakati huo jike hali chakula, au hula kidogo mno. Watoto wakitishwa hurudi mbio mdomoni mwa mama. Kokoro linapokokotwa kwenye maji mafupi linavunja mabakuli, na jike anapobanwa na wavu hutema kila kitu. Mvuvi anaona perege mmoja tu.

Umesema perege wamebaki wa kiganja. Fanya jambo moja: unapowapasua, angalia wangapi kati ya hao wadogo wana mayai yaliyokomaa. Ukiwakuta ni wengi, ujue hao si watoto, ni watu wazima waliodumaa. Mahali ambapo wakubwa wanaondolewa kila mwaka, wanaobahatika kuzaa ni wale wanaokomaa mapema wakiwa wadogo, na tabia hiyo hurithiwa. Ukiongeza joto la madimbwi na chakula kidogo, basi unapata perege anayezaa akiwa na urefu wa kidole cha kati. Ndiyo maana kupunguza macho ya wavu ili "tupate angalau hawa wadogo" kunazidi kuwafanya wadogo. Nina uchungu sana na jambo hili, kwa sababu wavu wa macho madogo hununuliwa na mvuvi maskini kwa shida ya leo, na unaomla kwanza ni yeye mwenyewe.

Lipo pia tope. Huko juu, Urambo na Kaliua, tumbaku inakaushwa kwa moto wa kuni, na miti ya miombo imekatwa sana kwa kazi hiyo, kwa mkaa na kwa mashamba mapya. Miti kama mtundu na mninga ikiondoka, mvua inapiga udongo mtupu na kuubeba. Udongo huo ukitua juu ya mayai ya samaki yaliyonata kwenye nyasi, yanakosa hewa na kufa. Hili halimalizwi na kijiji chenu peke yake, lakini ni vizuri mkutano ujue kwamba sababu nyingine haziko kwa wavuvi.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na nimesikia watu wa upande wenu wakiuliza kama na kinamasi kifungwe miezi hiyo hiyo. Ule uamuzi uliwalenga dagaa na migebuka wa maji makuu, na wana kalenda yao. Kinamasi kina kalenda tofauti. Kati ya Mei na Agosti maji yanashuka, samaki waliokwisha kukua wanarudi mtoni na ziwani, na kuvua wakati huo ni kuvuna mavuno yaliyoiva. Kama kijiji kinataka kupumzisha samaki, miezi ya kupumzisha ni ile ya mwanzo wa kupanda kwa maji, tangu mvua za kwanza za Novemba mpaka mbuga ifunikwe vizuri. Na si lazima mtu aache kuvua kabisa. Cha lazima ni midomo ya mifereji ibaki wazi na nyavu zikae kwenye maji makuu, mbali na nyasi.

Nije kwa mwanao. Mwambie ndege yupo. Anaitwa korongo nyangumi, na vinamasi vya Malagarasi na Moyowosi ni makazi yake muhimu kuliko mahali pengine popote Tanzania. Anasimama mita moja na zaidi, rangi ya kijivu kama jivu la jikoni, na mdomo wake mpana una ncha iliyojikunja kwa chini. Hamwoni kwa sababu haji mnakovulia. Anakaa ndani, kwenye zulia la mafunjo na majani yanayoelea, akisimama bila kutikisika kwa muda mrefu mpaka mtu adhani ni kisiki.

Anasubiri nini? Hapa kuna jambo zuri mno. Maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo ya oksijeni, kwa sababu majani yanayooza huitumia yote. Perege hawezi kukaa humo kwa muda mrefu. Kamongo anaweza, maana ana mapafu, na kambale anaweza, maana ana kiungo maalumu juu ya matamvua yake kinachovuta hewa ya juu. Lakini wote wawili lazima wapande usoni mwa maji kupumua, na kamongo akikosa nafasi ya kupanda hufa maji kama mtu. Korongo nyangumi anaujua upenyo ambamo kamongo atatokeza pua. Akitokeza tu, ndege anaanguka juu yake kwa uzito wote wa mwili, mdomo wazi, na anainuka na samaki pamoja na fundo la magugu.

Ndege huyu hutaga mayai mawili kwa kawaida, na mara nyingi kifaranga mmoja tu ndiye anayekua. Jua likiwa kali, wazazi huchota maji kwa mdomo na kuyamwagia mayai yapoe. Huanza kutaga maji yanapoanza kushuka, ili kifaranga akue wakati samaki wanabanwa kwenye madimbwi. Na kifaranga hukaa kwenye kiota zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka. Kwa hiyo moto wa Julai na Agosti, ule unaowashwa ili nyasi mbichi zichipue au ili kufungua njia ya mitumbwi, unamkuta bado hana mbawa za kumtosha. Wapo pia watu wanaowatafuta vifaranga wawauze nje ya nchi. Mtu wa namna hiyo akija kijijini kwenu na hela, fahamuni kwamba biashara hiyo ni haramu na inaondoa kizazi cha ndege ambao duniani kote wamebaki maelfu machache tu.

Humo humo ndani yumo nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizoachana, anayetembea juu ya zulia la mafunjo bila kuzama, na akishtuka hujitumbukiza majini akabakiza pua. Wamo viboko, na najua mnavyowalalamikia kwa mashamba, tena kwa haki. Ila kiboko mmoja hula nyasi za nchi kavu kama kilo 40 kwa usiku na kuja kuzitoa majini kama mbolea, na njia anazopasua kwenye mafunjo ndizo zinazopitisha maji na samaki. Kinamasi kisicho na viboko huziba.

Mgeni ukimwambia unatoka Kigoma atakuuliza habari za sokwe wa Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi yake mwaka 1960. Ni haki yao kusifiwa. Lakini eneo la Malagarasi na Muyovozi (ndio Moyowosi, kwa tahajia nyingine) liliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar tarehe 13 Aprili 2000, la kwanza kabisa kwa Tanzania, likiwa na hekta 3,250,000. Ni kubwa kuliko nchi nzima ya Burundi. Watoto wa Tabora na Kigoma wanamaliza shule bila kuambiwa hivyo, na mimi naona ni kuwadhulumu.

Na kuna jambo la kale ambalo nalipenda sana. Wataalamu wa samaki wanaona Malagarasi ni mto mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe. Kabla ardhi haijapasuka na kuzama na kuwa ziwa la kina cha mita 1,470, mto huu ulikuwa ukielekea magharibi mpaka bonde la Kongo. Ziwa lilipojitokeza, lilikata njia katikati. Ndiyo maana kuna samaki wanaopatikana Malagarasi na Kongo, ng'ambo ya pili, lakini ziwani katikati hawaishi. Mmoja wao ni yule bunju mkubwa mwenye michoro anayeonekana karibu na mdomo wa mto. (Asiliwe, bunju ana sumu.) Na yupo perege wa kwenu hasa, ambaye hata jina lake la kitaalamu limetokana na Malagarasi, na nje ya bonde hili hapatikani. Kwa sababu hiyo nawasihi wanaochimba mabwawa ya kufugia samaki: msilete vifaranga vya sato kutoka mikoa mingine na kuviweka kwenye bwawa ambalo masika hufunikwa na mafuriko. Sato na perege huzaana kwa urahisi, na mkishachanganya hakuna atakayeweza kuwatenganisha tena. Bwawa likae juu, maji ya mbuga yasikoweza kufika.

Haya, mafunjo na mpunga.

Nimewahi kusikia hoja hii ya mbu katika vijiji vingi, na inaeleweka, maana malaria inaua. Lakini mbu mmoja mkuu kati ya wanaoeneza malaria huku kwetu hapendi kivuli kizito cha mafunjo. Anapenda maji madogo yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, na majaruba. Kule Kabale, nchini Uganda, watafiti walilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo na vile vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa. Vya pili vilikuwa na joto zaidi, na mbu wa malaria ndani ya nyumba waliongezeka kadiri joto lilivyopanda. Kufyeka mafunjo ili kukimbia mbu ni kuwaandalia mbu nyumba. Mamba ni hatari kweli, siwezi kukudanganya. Ila mamba hahami kwa kufyekewa mafunjo, anabaki mtoni pale pale mnapochota maji. Dawa yake ni kisima, au uzio wa miti imara kwenye sehemu ya kuchotea.

Mafunjo yenyewe yanafanya nini? Mizizi yake imesukana ikawa zulia nene linaloelea au kukaa juu ya mboji. Maji machafu yanayopita humo hupunguza mwendo, hudondosha tope, na mafunjo hunyonya mbolea iliyosombwa mashambani. Wakati wa mafuriko linashika maji, wakati wa kiangazi linayaachia polepole. Mvua ya mwaka mzima huku ni milimita 900 hadi 1,000 hivi, na jua la Tabora lina uwezo wa kukausha zaidi ya hiyo. Bila kinamasi kushika na kuachia, Malagarasi ungekuwa mto wa kufurika na kukauka. Mradi wa umeme wa megawati 49.5 wa pale Igamba unategemea mtiririko huo huo, kama wanavyoutegemea watu wa Uvinza na Ilagala.

Udongo wa chini ya mafunjo unatamanisha, mweusi na laini. Msimu wa kwanza mpunga utatoka vizuri. Lakini udongo ule ni majani yaliyoshindwa kuoza kwa sababu yamekaa majini. Ukiukausha, hewa inaingia, unaanza kuoza na kunywea, ardhi inashuka, na mara nyingi unageuka mchachu. Mavuno hupungua, na mafunjo hayarudi kwa urahisi mahali palipokwisha kutolewa maji. Ukiwasha moto wakati umekauka, mboji yenyewe inashika, na moto wa namna hiyo hutambaa chini kwa chini kwa wiki kadhaa. Hauonekani, ila unasikia harufu, na mtu au ng'ombe anaweza kukanyaga akazama kwenye makaa.

Tena pale mnapotaka kufyeka ndipo mpaka kati ya mafunjo na nyasi, na mpaka huo ndio kambale wanaoupitia kwenda kutaga. Jaruba likikaa hapo, tuta lake linazuia samaki, na dawa ya kuulia wadudu wa mpunga inaishia kwenye maji ya kulelea vifaranga.

Mimi si mpinzani wa mpunga. Mkoa wa Tabora unalima mpunga mzuri kwenye mbuga zake za juu, ambako maji ya mvua hukingwa kwa matuta bila kugusa mto. Kijiji chenu kina mbuga za namna hiyo, zile zinazolowa Januari na kukauka Mei, zilizo na udongo mfinyanzi na nyasi fupi. Hizo limeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Hapo kwenu, palivyo bapa, mimi ningehesabu hizo mita 60 kuanzia pale mafunjo ya mwisho yanapoishia, si kutoka kwenye maji ya Septemba.

Mafunjo pia yanavunwa bila kuuawa. Yakikatwa juu ya maji, kwa vipande, na kipande kilichokatwa kikapumzishwa mwaka mzima, yanachipua tena. Mikeka, paa, uzio, vyote vinapatikana. Njia ya mtumbwi ifunguliwe kwa panga, sio kwa kiberiti.

Kwa hiyo mkutanoni, mama, usisimame kusema kinamasi ni kizuri. Kila mtu atakubali kisha atafyeka. Omba mambo yanayoweza kuandikwa kwenye sheria ndogo za kijiji na kusimamiwa na kikundi chenu cha ulinzi wa uvuvi, BMU. Omba midomo ya mifereji mnayoijua kwa majina isizibwe tangu mvua ya kwanza mpaka mwisho wa Januari. Omba dimbwi moja lenye kina, lile lisilokauka hata Oktoba, liachwe bila kuvuliwa na bila kukaushwa kwa ndoo, wabaki wazazi wa msimu ujao. Na moto usiingie kwenye mafunjo kati ya Mei na mvua. Haya matatu kwanza. Ukiomba kumi hutapewa hata moja.

Watakaokupinga watakuwa wavuvi wa mifereji, na wana hoja, kwa sababu miezi hiyo ndiyo ya njaa, mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya bado. Mkutano ukiwafungia mifereji bila kuzungumza chakula chao, wataziba usiku. Wapeni nafasi ya kwanza kwenye maji makuu miezi hiyo, au zamu ya kwanza ya kuvua mifereji maji yanapoanza kushuka, samaki wakiwa wanarudi wamenona. Nimeona wavuvi wakikubali mpango wakiulizwa mapema na kuukataa huo huo wakiambiwa tu.

Na anza daftari leo. Unanunua samaki kila wiki, wanapita mikononi mwako wengi kuliko wanaopita kwa mtaalamu yeyote. Andika tarehe, mahali walikovuliwa, pima kambale watano na perege watano wa kwanza kwa rula ya mwanao bila kuchagua, na uweke alama kwa mwenye mayai. Mwanao ndiye afanye kazi hiyo, maana ameonyesha ana hamu. Ukifika Oktoba utakuwa na kurasa za kumwonyesha mume wako na mwenyekiti, za samaki wa Nguruka wenyewe, waliopimwa Nguruka. Mvua ikianza Novemba, andika kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Kisha unitumie, nami nitakusaidia kuzisoma kabla ya mkutano mwingine.